Jipe Moyo Aishiwa Maneno

Mtaani walimwita Jipe Moyo, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Seremala huyu, mzee wa kanisa, hakosi kando ya kitanda cha mgonjwa. Atavuta kiti, atasema, "Jipe moyo, ndugu yangu, Mungu yupo," kisha ataomba mpaka mgonjwa atamani kupona ili mgeni aondoke. Msidhani namsengenya, haya anayasimulia mwenyewe.

Basi akaanguka kutoka juu ya paa, akavunjika paja. Wiki tatu tu, imani yote kwaheri! Aliwafokea wauguzi, akamnunia mkewe. Mchungaji alipokuja, akajifunika shuka, akakoroma kwa makusudi, mtu mzima na mvi zake.

Mtaalamu wa mazoezi hakumficha: asiposimama wiki ile, mguu utakakamaa, na useremala ausahau. Kila asubuhi walimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha mazoezi, mbele ya vyuma viwili vya kushikilia. Kila asubuhi akapata udhuru. Mara kizunguzungu, mara chai haijashuka.

Pale dirishani alikuwepo dobi mmoja, mwanamke aliyepooza mkono wa kulia, akijifunza upya kubana vibanio vya nguo kwenye kamba. Kinaanguka, anainama, anakiokota. "Haya, Bwana, tena." Kinaanguka. "Haya, Bwana, tena." Seremala alitazama mpaka akaona aibu.

Siku ya nne uzalendo ukamshinda. "Dada, moyo huo unautoa wapi?" Alishajiandaa kutajwa yeye, maana ndiye aliyekwenda kumwombea dobi huyu alipoanza kuugua.

"Kwa mama mkwe," dobi akajibu. "Haoni, na magoti yake mabovu. Lakini kila asubuhi anapiga magoti, anamshukuru Mungu, kisha anapapasa ukuta kwenda kuteka maji."

"Na yale maombi yangu?"

"Nisamehe, mzee wangu. Nilisinzia."

Seremala akacheka mpaka paja likamuuma. Halafu, ajabu, machozi yakaanza kumtoka. "Mimi siamini tena, dada. Nimeishiwa."

"Mbona hata mimi, siku nyingine siamini hata chembe. Nakuja hivyohivyo."

Hilo lilimwingia. Akakumbuka kwamba ameombea mtaa mzima, lakini hajawahi kumwomba mtu hata mmoja amwombee yeye. Alijiona bora kuliko wagonjwa wake, na hilo lilimuuma kuliko paja.

"Basi niombee," akasema, sauti ndogo.

Dobi hakufumba hata macho. "Bwana, mguu huu. Amina."

"Basi? Umemaliza?"

"Kwani mengine hayajui?"

Akashika vyuma. Akainuka akitetemeka, jasho likimtiririka, akapiga hatua moja. Ya pili ilimliza kama mtoto mchanga. Ya tatu hakuipata. Akarudi kitini kwa kishindo, akihema.

Kesho yake aliwahi kabla chumba hakijafunguliwa, akamkuta dobi yuko mlangoni tayari.