Siku Kidirisha Kilipogongwa Bila Kukoma

Ukiuliza habari za chakula cha baa ile ya mtaani, iliyobanwa kati ya duka la rangi na kinyozi, utapata majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli. Muuguzi wa zahanati ya jirani atakuapia kwamba kuku wa pale ukimla unamsahau mama mkwe na maneno yake yote. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara naye atakwambia kwamba kuku huyo humpati mpaka uzeeke ukimngoja. "Niliingia hapa kijana," husema, akijipapasa kidevu. "Haya, tazama mvi hizi!" Kesho yake utamkuta palepale, kwenye meza ileile ya karibu na mlango, ameagiza kuku yuleyule.

Mpishi mwenyewe walimwita Subiri, kwa sababu ndilo neno pekee alilojibu kila alipoulizwa chakula kimefikia wapi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono iliyojaa na ulimi usiokawia kukupa vidonge vyako. Hakuweka kitu motoni kabla hakijaagizwa. Hata kiazi hakukimenya. "Siuzi viporo mimi," alisema, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Mhudumu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijeba mwembamba mwenye maneno matamu na kichwa kinachovuja. Ukimwagiza soda baridi alikuletea ya moto, lakini hapohapo alikuuliza hali ya mtoto wako, tena akakumbuka ni jino gani lililokuwa linamuuma. Sasa mtu kama huyo utamgombezaje? Wengine walimgombeza, tena sana. Wengine walikunywa soda yao ya moto wakacheka.

Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na kidirisha chenye kibao cha mbao cha kukifungia na, upande wa ukumbini, rafu ya kuwekea sahani. Zamani Subiri na shemeji yake walipigiana kelele kupitia hapo, mpaka wateja wakalalamika kwamba wanalishwa katikati ya ugomvi wa familia ya watu. Ndipo wakatunga utaratibu wao. Shemeji aligonga rafu kwa kifungulio cha chupa: pigo moja ni kuku, mapigo mawili ni samaki. Mwenye baa, ambaye wote walimwita Bosi, alifurahia utulivu huo, akaamuru na kibao kifungwe wakati wote, moshi usije ukamharibia televisheni yake kubwa.

Basi Subiri akabaki nyuma ya ukuta, haoni mtu. Sifa za kuku wake zilibaki ukumbini, maana shemeji alizisahau kabla hajafika kidirishani. Lawama hakuzisahau. Hizo alizileta zikiwa bado za moto, kwa sababu alikuwa mwoga na hakutaka zimlalie yeye. Ndiyo maana mwanamke yule, ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimla kuku wake na kulamba vidole, aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna anayempenda kuku huyo.

Wiki ile mambo yalimfika Bosi shingoni. Familia moja ilikuja kumpongeza binti yao aliyefaulu mtihani, ikaagiza, ikangoja, ikangoja, hadi mama wa watu akafungua mkoba na kuwagawia wanawe biskuti. Wakaondoka. Bosi akaingia jikoni, akasimama karibu na ndoo ya maganda.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini Jumamosi ni fainali. Baa itajaa. Nikiona meza moja tu imeondoka na njaa, jiko hili nalifunga. Nitaleta vya kununua, vya kupasha moto."

"Vya kupasha moto!" Subiri alimaka, kana kwamba ametukanwa.

"Hivyohivyo."

Alimaliza kazi siku ile akisugua sufuria zilizokwisha kutakata. Si kwamba aliogopa kumwaga unga tu. Nyumbani alikuwa mke wa mtu, mama wa watu, wifi wa watu. Pale jikoni, mbele ya moto wake, alikuwa yeye. Wakilifunga jiko, angebaki nani? Swali hilo lilimkosesha usingizi.

Jumamosi alasiri baa ikajaa pomoni. Viti vilikwisha, watu wakakaa juu ya makreti, na waliokosa makreti wakasimama na kuegemea chochote. Kelele zilianza hata kabla ya mpira kuanza, hazikupungua tena, na Subiri akazizoea kama mtu anavyoizoea mvua juu ya bati. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Makaa yalikuwa mekundu, kisu kimenolewa, mafuta yako tayari. Leo hatamchelewesha mtu!

Akangoja kugongewa. Pigo moja likaja. Akapika kuku mmoja mbiombio, akamtoa. Akangoja tena. Wapi!

Hakujua kwamba ukumbini watu walikuwa wametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, hakuna aliyekumbuka kwamba ana tumbo. Alichojua ni kwamba baa imejaa na rafu yake haigongwi. Akakaa juu ya debe, mikono mapajani. Hata leo, akawaza. Hata leo hawanitaki. Akajifuta macho, akajisingizia kuwa ni moshi.

Huko ukumbini fundi cherehani alikuwa amezibwa na jamaa mrefu, akainuka kwa hasira na kwenda kusimama kidirishani pamoja na waashi watatu walioegemea rafu. Na hapo, jamani, timu yao ikafunga bao! Baa ikalipuka. Wale wanne hawakuwa na meza ya kupiga, wakaipiga rafu: kwa viganja, kwa chupa, fundi kwa mkasi wake wa kazini.

Ko! Ko-ko! Ko-ko-ko-ko-ko!

Subiri aliruka kutoka kwenye debe. Akajaribu kuhesabu, kuku, samaki, kuku, kuku, samaki wawili, akachanganyikiwa, akaacha. Wameagiza wote! Baa nzima! "Nakuja!" alipiga kelele, na hakuna aliyemsikia. Akafungua friji, akatoa kuku, akatoa samaki, akamwaga viazi sakafuni na kuokota. Mafuta yalivuma, moshi ukapanda, jasho likamtiririka mpaka machoni, naye alikuwa anaimba! Mwanamke ambaye kwa miaka aliweka kuku mmoja motoni kama anayelaza mtoto, sasa aligeuza makumi kwa mikono miwili. Dakika za mwisho likaingia bao la pili. Rafu ikanguruma tena.

"Wameongeza!" akasema, na friji ikabaki tupu.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, kibao cha kidirisha kilifunguka kwa kishindo. Sahani zikaanza kusukumwa rafuni, moja, nyingine, nyingine, zikawasukuma waashi tumboni. Nyuma yake akaonekana Subiri, uso unang'aa kwa mafuta na furaha.

"Haya, pokeeni! Nani alisema mimi nachelewesha?"

Shemeji yake alifika mbio, akatazama sahani, akatazama jikoni. "Shemeji, hizi za nani?"

"Zenu! Si umegonga?"

"Mimi? Sijagonga." Akaonyesha televisheni kwa mkono. "Lilikuwa bao. Walikuwa wanashangilia bao."

Lo! Furaha yote ikamtoka Subiri usoni palepale. Alitazama masinia nyuma yake, kuku wa wiki nzima, samaki wa wiki nzima. Bosi alikuwa anakuja, anapangua watu kwa mabega, ndita zimemjaa usoni.

"Nani kaagiza hivi vyote?" aliuliza.

"Hakuna," alijibu Subiri. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimekosea, Bosi. Nilidhani wananitaka mimi."

Kabla Bosi hajafungua mdomo, mkono ulipita chini ya kwapa lake na kunyakua paja. Ulikuwa wa fundi cherehani.

"Huyu kama hana mwenyewe, basi ni wangu," alisema, akatafuna. Akafumba macho. "Chumvi imepungua." Akatafuna tena. "Nipe na bawa."

Hapo ndipo mtaa mzima ulipokumbuka kwamba una njaa. Walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi kwa kiherehere cha fainali, na harufu hiyo imewafikia puani! Patashika ikaanza. Sahani zikapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, shemeji akimpa samaki aliyetaka kuku na kuku aliyetaka samaki, na leo hakuna aliyerudisha. Mmoja alilalamika viazi vimeungua, mwingine samaki wake alikuwa mbichi katikati, na wote wawili walilalamika midomo imejaa. Bosi alisimama, akatazama mlangoni. Hakuna aliyekuwa anatoka. Akakunja mikono ya shati na kuanza kubeba sahani.

Muuguzi alisukumana mpaka kidirishani, akamshika Subiri mkono uleule wenye mafuta. "Kumbe ndiye wewe! Dada, mimi zamu zangu mbaya zote nimezimalizia kwa kuku wako. Sikuwahi kukuona sura."

Subiri alimchagulia paja nono kuliko yote, akamsukumia. Akaegemea ukuta.

Masinia yalipobaki mifupa, Bosi alipitisha kichwa. "Mama, kuanzia kesho viazi vimenywe asubuhi. Na kibao hiki kisifungwe tena. Moshi na uje."

"Na jiko?"

"Si nimekwambia umenye viazi?"

Subiri akawapa mgongo, akainama kwenye sufuria zake kuzisugua, maana hakutaka waone macho yake. Mara rafu ikagongwa. Pigo moja, mawili, kisha mvua ya mapigo, viganja na vijiko na chupa, mpaka sahani zikaanza kurukaruka.

"Kuku wamekwisha!" alifoka bila kugeuka. "Bao la nani tena hilo?"

Akageuka. Televisheni ilikuwa imezimwa, na baa nzima ilikuwa imesimama ikimtazama yeye, fundi cherehani mbele kabisa, anagonga kwa mkasi kama amerukwa na akili.

"Mpira umekwisha, shemeji," alisema mhudumu. "Wanakugongea wewe."

Subiri aliinua ncha ya kanga, akajifunika uso.

"Subirini," alisema kutoka humo ndani. "Subirini kidogo."

Na safari hii hakuna aliyelalamika.