Aliyetamka Kwanza

Kwetu Kamunyonge, mjini Musoma, kichwa cha sato kilikuwa cha yule anayesema "nimewahi" kabla ya wenzake. Tulikuwa watoto watano na samaki mmoja, kwa hiyo neno hilo lilifanya kazi kubwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa na tabia ya kuwahi vichwa akiwa chooni. Niliona ni wizi, na bado naona hivyo.

Asili ya neno haina fumbo: kuwahi ni kufika mapema. Ila kwetu hukuhitaji kufika popote, mdomo ulitosha. Kwa shangazi yetu, kijijini Guta kule Bunda, mdomo haukutosha. Binamu zetu walisema "nimebuku", neno la watu wa tiketi za basi, halafu wakalilamba embe lenyewe ili mwingine asilitamani. Sikuipenda sheria ya Bunda, lakini sikumbuki kesi hata moja iliyokatiwa rufaa.

Mwaka jana tulikutana kwa mama, kijijini Butiama, ambako baba amezikwa kando ya nyumba. Kaka alikuja na tepu ya kupimia. Alitaka kujenga vyumba viwili upande huo wa kaburi, maana tukija wote tunalala sebuleni kama mizigo. Tukakubali, na papo hapo tukaanza kugombea vyumba, watu wazima wenye mvi. Dada yangu aliwahi chenye dirisha kubwa wakati hata msingi haujachimbwa.

Mama alikuwa mlangoni anachambua dagaa. Bila kuinua kichwa akasema, "Hapo pembeni ya baba yenu mimi nimeshawahi."

Kaka akafurahi sana. Akamwambia hakuna shida, chumba cha kwanza kitakuwa chake, na choo cha ndani atawekewa.

"Choo cha nini?" mama akauliza. "Nyie mnapimaga tu, hamuulizagi. Nitazikwa hapo."

Kaka akarudisha tepu mfukoni. Nilimkasirikia mama kwa kulisema jambo lile kama anayeomba chumvi, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu tulikuwa tumepima kila kitu pale isipokuwa hilo. Hakuna aliyebisha. Mama aliendelea kutoa vijiwe kwenye dagaa, na mimi nikamwomba Mungu amcheleweshe, amcheleweshe sana.