Bunduki Iliyosingiziwa Mkosi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa askari wa wanyamapori kwenye ranchi moja upande wa Elementaita, nilipoiweka bunduki mezani mbele ya Mzee Barasa na kumwambia siitaki. Akiwa na nyingine anipe, akiwa hana basi nivue sare nirudi kwetu Bahati nikakamue ng'ombe. Ujana una kelele nyingi, lakini woga ukiugusa hunywea kama mbwa aliyemwagiwa maji.

Bunduki hiyo aliibeba mjomba wangu Njoroge kabla yangu, alipokuwa askari kwenye ranchi hiyo hiyo. Ilikuwa ya zile zinazojipakia zenyewe: ukipiga risasi moja, ganda tupu linaruka nje na risasi nyingine inaingia mahali pake. Mwaka uliotangulia mjomba alikutana na nyati aliyejeruhiwa na waya wa majangili. Risasi ya kwanza ilipita pembeni. Akafyatua tena, kimya. Ganda lilikuwa limekwama. Nyati alimvunja nyonga, na tangu hapo mjomba akawa mtu wa mkongojo.

Kama mambo yangeishia kwenye nyonga tungeshukuru Mungu. Lakini wiki hiyo hiyo alikuwa amegombana na mdogo wake, mjomba Kamau, juu ya ua wa mpaka, na Kamau kwa hasira akamwambia, "Utaona." Basi watu wakalichukua neno hilo wakalitembeza Bahati nzima. Ikawa Kamau amemroga kaka yake, na bunduki ndiyo iliyobeba mkosi. Lisemwalo lipo, walisema, na mimi leo nakwambia mengi yanayosemwa hayapo kabisa. Mjomba Njoroge aliamini. Ndugu wa tumbo moja, waliotenganishwa na kishamba cha viazi tu, wakaacha kusalimiana. Mama yangu, dada yao, alikonda katikati yao. Kila Jumapili alikunywa chai kwa huyu, akavuka akanywa kwa yule, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaendeleaje.

Sasa bunduki ile ile nilikuwa nimepewa mimi, na kwenye mazoezi ya kulenga shabaha ilinikwamia vile vile. Nikajua zamu yangu imefika.

Mzee Barasa, mtunza silaha wetu, alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Bungoma, na ulimi wake ulikuwa na pilipili.

"Nani amekwambia ina mkosi?"

"Watu wote, mzee."

"Wewe msichana, watu umewauliza. Bunduki yenyewe umeiuliza?"

Alinipeleka nyuma ya kambi kwenye tuta la udongo tulilolengea. Akaelekeza mdomo wa bunduki kwenye tuta kabla ya kufanya lolote. "Iliyokwama haijafa," alisema, "imenyamaza tu." Akachomoa magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi. Akavuta nyuma kile chuma kinachosukuma risasi, ganda likaanguka, akachungulia ndani, kisha akahakikisha kwa kidole kwamba hamna kilichobaki. Baada ya hapo ndipo alipokaa juu ya debe na kuanza kuongea kama binadamu.

Aliniambia washukiwa ni wanne: risasi, magazini, bunduki, na mimi niliyeishika. Tukiwakamata wote kwa pamoja, alisema, hatutamjua mwizi. Akaweka magazini ya bunduki nyingine iliyokuwa nzima. Ikakwama. Akairudisha ya kwanza, akabadilisha risasi. Ikakwama. Akapiga yeye mwenyewe. Ikakwama, na hapo nikafurahi kidogo kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeachiliwa huru. Nikafungua mdomo niseme si unaona, ni mkosi. Alinitazama nikaufunga.

Kisha akaifungua bunduki. Mle ndani, chuma kinapoteleza mbele na nyuma, kulikuwa na uji mweupe mzito. Akauchota kwa kitambaa, akanipa ninuse. Harufu ile niliijua tangu utotoni. Ni mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe.

Usicheke, mwanangu. Kwetu wafugaji mafuta hayo ni dawa ya kila kitu: midomo iliyopasuka, bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli. Kambi nzima tuliyapaka bunduki, kila mtu na kopo lake kutoka nyumbani. Waliolinda upande wa msitu hawakupata shida, kule kuna unyevu. Lakini bunduki hii ilikuwa ya zamu ya machimbo ya udongo mweupe, ambako vumbi ni laini kuliko unga wa ngano. Vumbi likaingia kwenye mafuta mazito, yakawa gundi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tumekitia mfukoni wenyewe.

Mzee Barasa aliisafisha, akaikausha, akatia tone la mafuta mepesi ya bunduki. Nikapiga mpaka magazini ikaisha, kila ganda likiruka vizuri. Nililia, sioni haya kusema.

"Usinililie mimi," akasema. "Kuna mtu Bahati anahitaji habari hii kuliko wewe."

Jumamosi tulienda pamoja, yeye na koti lake la kanisani, kile kitambaa kimefungwa kwenye gazeti. Mjomba Njoroge alisikiliza yote bila kukatiza. Akakinusa kitambaa.

"Mimi ndiye niliyekuwa naipaka," akasema.

"Sisi wote," Mzee Barasa akamjibu. "Na mimi mtunza silaha sikufungua kuangalia."

Mjomba akachukua mkongojo wake, akatoka, akavuka viazi polepole mpaka kwenye ua. "Kamau," akaita. Mdogo wake akatokea mlangoni na sabuni mikononi. "Haikuwa wewe. Nimekukosea."

Mjomba Kamau alifuta povu mikononi. "Nimekungoja, kaka," akasema, akaja kumshika mkono ili avuke. Mama yangu, aliyekuwa ametufuata, aliketi pale pale kwenye nyasi akiwatazama.

Basi sikiliza, mwanangu. Jambo likikukwamia mikononi, iwe gari, iwe kazi, iwe ndoa, kwanza geuza mdomo wake mahali ambapo hautamuumiza mtu, na mdomo wako mwenyewe pia. Kisha uliza kimoja kimoja kwa subira, ukianza na kile unachokizoea mno. Usimtaje mtu kabla hujafungua ukaona kwa macho yako. Nyonga ya mjomba ilivunjwa na nyati, lakini undugu nusura uvunjwe na uvivu wetu wa kuangalia.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho lisilosingizia. Na siku utakapomshuku mtu bure, maana siku hiyo itakuja, akupe miguu ya kuvuka kwenda kumwambia.