Mama Ananijua kwa Pua, na Pua Imevunjwa

Admin, jina langu lizike kabisa, maana Karatina nzima inanijua na nusu ya Nanyuki pia. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nanunua kabichi na viazi shambani nauza kwa lori. Shule niliiacha darasa la saba, lakini dunia nimeisoma. Nimefanya kazi Dubai, nimekula ngamia, nimenunua mbuzi Doldol kwa watu ambao hatukuelewana neno hata moja na bado wakaniita rafiki. Sura pia sijanyimwa. Pua yangu ilikuwa na nundu hapa katikati, kubwa, ya heshima. Nikikata kona pua inafika kwanza, mimi nafuata.

Hiyo nundu ni ya babu, baba ya mama. Mimi ni kijana wa pili, na kwetu kijana wa pili anapewa jina la mzee wa upande wa mama. Kwa hivyo mama hajawahi kuniita jina langu, ananiita Baba. Siku hizi haoni, ugonjwa wa sukari umemmaliza macho. Nikiingia kwake asubuhi nainamisha kichwa, anapitisha kidole kwa nundu, anacheka: "Baba umekuja. Umekunywa chai?" Mimi mtu mzima na kitambi changu, lakini hapo huwa naskia kama nimevishwa taji.

Sasa ndugu yangu mkubwa. Yeye ana jina la babu wa upande wa baba, na hiyo kitu imempanda kichwani kuliko pombe. Mzee wetu alitugawia shamba kabla afe, na katikati tukapanda itoka, yale maua ya kuwekea mpaka. Kwetu ukishapanda itoka mambo imeisha, hata mlevi hagusi. Msimu wa mvua nikatoka soko nikakuta ndugu yangu ameing'oa yote ameipanda ndani ya viazi zangu.

Nikamuuliza kwa utani, hiyo ndiyo tabia yangu: "Mzee, haya maua yako yameota miguu?"

"Hii ni shamba ya wazee wetu," akasema. "Wewe ni mzee wa kwa kina mama. Enda udai kwenu."

"Kwani wewe ulizaliwa na ng'ombe?"

Akanipiga na mti wa jembe, katikati ya uso. Watu wangu, niliskia pua ikivunjika ndani ya masikio, kama mtu amekanyaga trei ya mayai. Damu ikajaa mdomo. Nikiwa chini akanipiga mateke ya mbavu, kisha akaniinamia: "Hiyo pua ya kwa kina mama ndiyo nilikuwa natafuta." Mama watoto alitoka jikoni na sufuria ya uji moto akammwagia mgongoni, ndio akaniacha.

Daktari wa pua huko Nyeri ni mama mmoja mpole, haongei mambo mingi. Akamulika ndani akasema ukuta wa katikati umepinda na upande wa kushoto haupitishi hewa. "Utalala thieta tukupasue, tuunyooshe. Ukiamka utakuwa umefura, macho meusi, pua imezibwa, unapumua na mdomo kama samaki. Usipenge kamasi, usibebe mizigo, na usipigwe tena." Nikamwambia hiyo ya mwisho amwambie ndugu yangu. Hakucheka. "Kwa nje, nundu imesagika. Naweza kukupa pua imenyooka, safi. Ama nitoe mfupa laini kwa ubavu nijaribu kuijenga tena. Hiyo ni kidonda kingine, uchungu zaidi, na siwezi kukuahidi itafanana. Kabla uvimbe uishe kabisa itapita miezi. Chagua."

Mama watoto akaninong'oneza: "Chukua ya kunyooka. Utakuwa smati, hata kanisani watauliza mgeni ni nani." Nikacheka, nikakubali.

Kisha, kabla ya kupasuliwa, nikaenda kwa mama, nikainamisha kichwa. Kidole kikapita, kikasimama, kikarudi. Akavuta mkono kama ameshika jiko.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Hiyo si sauti ya Baba. Mwambieni Baba aje." Na pua imeziba, hata mimi sauti yangu sikuijua.

Nikatoka. Ndugu yangu alikuwa kwa zizi anakama ng'ombe. Nikamshika shingo nikamgonga kwa nguzo, nikamgonga tena, maziwa ikamwagika, akaanguka kwa mavi ya ng'ombe nikamkalia kifua nikamkaba. Macho yakageuka meupe. Nilikuwa namuua, na ukweli wa Mungu, nilikuwa naskia utamu. Pua yangu mbovu ilikuwa inapiga filimbi kwa hasira.

"Baba!" Ni mama, amekuja akipapasa ukuta. "Baba, mwache!"

Nikaachilia. Mkitaka mnicheke, lakini furaha ilinijaa. "Mama, umenijua?"

Akarudi nyuma. "Nimekujua. Hiyo filimbi ya pua ndiyo baba yangu alikuwa anapiga akimpiga mama yangu."

Hakuna mtu alikuwa ameniambia. Miaka yote nimevaa hiyo nundu kama medali.

Ndugu yangu shingo imepona, lakini itoka bado iko ndani ya viazi zangu, na mimi sijaigusa. Naogopa mikono yangu kuliko yake. Mama ananikaribisha, lakini nikifika nikihema kwa kupanda kutoka mtoni, pua ikipiga filimbi, anashika fimbo yake. Pumzi itatengenezwa, filimbi itaenda, hiyo haina mjadala. Shida ni nundu. Nikiijenga, labda kidole chake kitampata yule mzee wa kumuuliza kama amekunywa chai, labda kitampata yule mwingine aliyempiga mama yake. Nikiinyoosha, atashika uso wa mtu asiyemjua mpaka aingie kaburini. Nilimuuliza. Akasema tu, "Ni uso yako, Baba."

Daktari anataka jibu wiki hii. Nyinyi wenye wazazi wasioona, na nyinyi mliopewa majina ya watu hamkuwajua, nisaidieni na mawazo, matusi pia nitasoma: nikitoka thieta, nimuinamishie mama pua gani?