Sungura wa Darajani

Siku moja ya Julai naikumbuka vizuri, mwanangu Salma, ingawa wewe labda umeisahau, maana ulikuwa na miaka saba. Tulilikimbia joto la jangwani kwetu Rashidiya tukaenda Uingereza: mimi, dada yangu ambaye ndiye mama yako, bibi yako Zuwena, na wewe. Katika duka la kijiji mama yako akanunua kijitabu cha mafumbo. Hesabu viatu vya farasi vilivyopigiliwa mlangoni kwa mhunzi, tafuta mwaka uliochongwa kisimani, na jibu ndilo linalokuonyesha pa kupita. Unatoka kijiji hiki unaingia kile, katikati ni mashamba ya kondoo tu. Bibi yako alishangaa watu wazima kununua njia ya kupotea, lakini alivaa raba zake akatushinda sote kwa kutembea.

Wewe ulikuwa mzito wa kukata shauri. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, subira sina hata chembe, na nilikupenda kupita kiasi. Kila fumbo likifika, ulinitazama. Ukionyesha pasipo, nilikunja uso; ukipatia, nilitabasamu. Ukapata mafumbo manane mfululizo, mama yako akakupigia makofi, nami nikajiona mwalimu hodari.

Fumbo la mwisho lilikuwa darajani. Kwenye jiwe kachongwa sungura, na upande anaotazama ndio wa kupita. Kutoka hapo hadi lango la kanisa ni hatua chache, basi ukaomba uende peke yako. Tukazunguka njia nyingine kukusubiri langoni. Hukuja.

Mama yako alipoanza kukuita kwa sauti, nami nikakuita. Tulikimbilia darajani. Sungura yupo, wewe hupo. Mto ulikuwa mwembamba, lakini sikuthubutu kuutazama. Tangu nizaliwe sijaogopa namna ile.

Baada ya saa nzima tulikukuta kijiji cha pili, umekaa mbele ya duka na bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake, unakula biskuti. Alikuwa akipita darajani, ukamfuata nyuma bila yeye kujua. Alipogeuka na kukuona, akakaa nawe hapo kungoja wenyewe.

"Kwa nini ulimfuata?" nikakuuliza.

"Nilimtazama, akatabasamu," ukasema. "Nikajua ndiko."

Mama yako alikuwa akilia, hakusikia. Bibi yako alisikia, akanivuta pembeni.

"Asha, mtoto huyu hakupotea leo. Umeanza kumpoteza tangu fumbo la kwanza. Umemfunza kuusoma uso wako, jiwe hajui kulisoma. Khalas, usimsaidie tena mpaka akuombe kwa mdomo wake."

Niliona haya mpaka tulipopanda ndege ya kurudi.

Jana nilikuja nyumbani kwako, mtaa wa Silicon Oasis. Mwanao Idi alikuwa akifanya hesabu zake za shule mezani. Aliweka kidole kwenye jibu, akakugeukia, ukatikisa kichwa, akahamisha kidole. Ulikuwa unakoroga chai, wala hukujijua. Mimi nilikuona, na nilijiona mwenyewe.

Basi nakuomba, mwanangu. Idi akikutazama kutafuta jibu, wewe tazama sufuria. Mwache akosee hapo mezani, ambapo unaweza kumfikia kwa mkono. Najua itakuuma, maana kumjibia ni rahisi na kunatufurahisha sisi zaidi kuliko wao. Lakini hutakuwa naye kila njia, na si kila atakayemtabasamia atakuwa bibi mwenye biskuti.

Mungu akuhifadhi wewe na mwanao, akupe kifua cha kunyamaza. Na siku Idi atakapofika darajani peke yake, inshallah asimame, alitazame jiwe, apite.