Damu Zinazopatana

Sijapata kuona wivu wa kipuuzi kama wa jirani yangu, Koplo Odur. Mwaka 1974 amri ilitoka juu: kila polisi wa kambi yetu na mkewe wapimwe damu, na aina yake iandikwe kwenye kadi. Siku zile amri haikuulizwa sababu.

Mkewe, Lamunu, alitangulia. Jioni akamsimulia mumewe bila ubaya wowote: "Nesi anasema damu yangu na ya Abubaker dereva zinapatana."

Odur akasukuma sahani. Zinapatana? Tangu lini? Wiki nzima hakumsalimu Abubaker, na Lamunu akienda kuchota maji, yeye alisimama mlangoni akimchungulia.

Zamu yake ilipofika alimburuta mkewe hadi zahanati, ashuhudie damu ya mume. Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye foleni. Nesi Faridah alimfunga mpira juu ya kiwiko, akamwambia akunje ngumi. Ngumi yenyewe alikuwa ameikunja tangu Jumatatu! Sindano ikamuuma kama siafu, damu ikaingia kwenye chupa, pamba ikabandikwa, basi. Tukangoja kwenye benchi.

Nesi akarudi akitabasamu. "Afande, wewe ni O. Damu yako unaweza kumpa mtu yeyote hapa kambini. Inapatana na wote."

Odur akamgeukia mkewe kwa ushindi. Lamunu hakuwa akicheka.

"Wote?" akauliza polepole. "Hata yule msichana wa kantini, Concy?"