Muhuri wa Mchora Kakakuona

Nilikuwa mwanafunzi wa historia ya sanaa, mtu wa Tanga, na chumba changu kilikuwa mtaa wa Shisanhang, katika mji wa Wachina nilikosomea, juu ya maduka ya nguo za jumla. Asubuhi nzima ilikuwa mikokoteni na mtu kuambiwa apishe marobota. Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane, mbishi ajabu. Nilimpenda, na hadi leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Ukutani manispaa walikwisha kuandika kwa rangi nyekundu: bomoa. Miaka ile pesa ilikuwa imeupagawisha mji, kila cha zamani kinavunjwa kijengwe ghorofa. Mzee alikuwa na tumaini moja tu. Babu wa babu yake alikuwa mchoraji wa wanyama, karne ya kumi na tisa, na alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, akiwachorea Wazungu waliokuja kununua chai. Hilo likithibitishwa, nyumba ingeachwa.

Ushahidi ulikuwa picha moja. Kakakuona! Nilipomwona nilipiga kelele, maana kwetu huyo akitokea kijiji kizima hukimbia kumtazama. Kila gamba limechorwa peke yake, na mguuni ana kamba. Mzee alinieleza kwamba mnyama aliletwa hai, akafungwa kwenye meza, mchoraji akawa anamtafutia mchwa hadi kazi iishe. Mchoraji huyo alianzia kuchora samaki, akaja kwa ndege, kisha wanyama. Macho yalipokufa akarudishwa kuchora maua kwenye visahani. Na hakuweka jina lake popote. Wazungu hawakutaka, kwao ilikuwa bidhaa tu, na sifa zote za kule Ulaya alizichukua mnunuzi. Washenzi!

"Babu," nilimwambia, "Jumatano profesa wangu anakuja na mtu wa manispaa. Karatasi na rangi zinatosha kuwa ushahidi. Usiiguse."

"Bila jina?"

"Bila jina. Picha zote za Wazungu zilikuwa hivyo."

Jumatano wakaja. Mzee alivaa koti lake la harusi, akawamiminia chai, akaifunua picha. Pembeni palikuwa na muhuri mwekundu wa jina, mbichi, unang'aa mafuta.

Yallah! Mtu wa manispaa aliugusa, akatazama kidole chake chekundu, akacheka kama aliyekamata mghushi. Mzee akatoa mfukoni muhuri wenyewe, wa jiwe, wa mchoraji mwenyewe, uliorithiwa baba kwa mwana. Alikuwa anasema kweli tupu. Profesa alijaribu kueleza kwamba karatasi ni ya kale, lakini nani anasikiliza tena? "Meiyou," akasema yule bwana, neno lile lile la Kichina ambalo wauzaji hutufukuzia sisi wageni madukani: hakuna. Chai hawakuimaliza.

Walipotoka nilimfokea mzee wa watu kama mtoto. "Si nilikuambia usiiguse? Ulikuwa na haraka gani?"

"Miaka yote hii hakuna aliyekuja kumuulizia mchoraji," akasema. "Leo amepata wageni. Nimwache awapokee bila jina?"

Hasira yote ikaniishia, nikabaki na machozi. Nikamwambia amefanya vyema. Alijua namdanganya. Alikusanya vikombe, kisha akaniuliza, polepole, kama wabomoaji huwa wanaanzia chumba cha mbele.